Kutibu Jina na Kuuacha Ugonjwa: Kisukari katika Pwani ya Malindi na Kilifi

Utangulizi

Wahenga walinena kwamba mficha maradhi kifo humuumbua. Methali hii hufundishwa tangu shule ya msingi, hukaririwa katika insha, na aghalabu huishia hapo. Ni nadra kwa wanaoikariri kuuliza ni kwa nini mtu mwenye akili timamu ayafiche maradhi yake, au ni vipi maradhi yanaweza kujificha yenyewe hata mwenye mwili asiyatambue. Kisukari ni maradhi ya namna hiyo ya pili. Aina yake iliyoenea zaidi haianzi kwa homa wala kwa maumivu. Huingia kimyakimya, hukaa miaka mingi, na siku inapojitangaza huwa imekwisha kuharibu jicho, figo au mguu.

Katika mwambao unaoanzia Mtwapa na Takaungu, ukapitia Kilifi mjini, Watamu na Gede, hadi Malindi, Mambrui na Marereni, ugonjwa huu hujulikana zaidi kwa jina la "sukari". Husemwa, "Mzee ana sukari," au, "Mama sukari imempanda." Mara nyingi hutajwa pamoja na mwenziwe: "presha na sukari", kana kwamba ni mapacha waliozaliwa nyumba moja. Makala haya yanadai kwamba jina hilo, ingawa halikutolewa kwa nia mbaya, limezaa dhana zinazowafanya watu wengi walitibu jina na kuuacha ugonjwa. Na kwa kuwa sehemu ya tatizo hili ni ya lugha, wanaosoma na kufundisha Kiswahili hawana ruhusa ya kulitazama kwa mbali na kusema kwamba hilo ni la madaktari.

Jina na Safari Yake

Neno sukari lilifika pwani kwa njia ileile iliyoleta majahazi. Kiswahili kililipata katika Kiarabu, Kiarabu kikalipata katika Kiajemi, na Kiajemi nacho kikalipata kutoka Bara Hindi, ambako Kisanskriti kiliita kitu hicho sharkara. Ugonjwa wenyewe nao umepewa jina la utamu na watu wa mataifa mengi. Waganga wa kale wa Bara Hindi waliuita madhumeha, yaani mkojo wa asali. Aretaeus wa Kapadokia, tabibu wa Kigiriki aliyeishi takriban karne ya 2, aliueleza kama maradhi ambayo mwili huyeyuka na kutoka na mkojo, na jina diabetes linatokana na kitenzi cha Kigiriki chenye maana ya kupita. Ibn Sina, aliyefariki mwaka 1037, aliutaja utamu wa mkojo wa mgonjwa na kuoza kwa viungo vyake. Katika karne ya 17 tabibu Mwingereza Thomas Willis alitilia mkazo utamu huo, na ndipo neno la Kilatini mellitus, lenye maana ya kutiwa asali, likaambatana na jina la ugonjwa.

Kwa hiyo Waswahili hawakukosea peke yao, kama ni kosa. Wote hao walitaja kile kilichoonekana. Hata hivyo, ipo tofauti kati ya "kisukari" na "sukari". Neno kisukari linafuata mkondo mzuri wa Kiswahili, ambapo kiambishi ki- hujitokeza katika majina mengi ya maradhi: kifafa, kichocho, kifaduro, kisonono, kipindupindu. Msikilizaji husikia mara moja kwamba jambo linalotajwa ni ugonjwa, wala si bidhaa ya dukani. Lakini anayesema "ana sukari" hutumia neno lilelile analolitumia anapoagiza kilo moja kwa muuza duka. Maana mbili hukaa katika neno moja, na ile ya dukani huivuta ile ya hospitalini.

Kutokana na mvuto huo huzaliwa dhana tatu. Ya kwanza ni kwamba ugonjwa huletwa na kula sukari, na hivyo asiyependa vitamu yuko salama. Ya pili ni kwamba tiba ni kuacha sukari. Ya tatu, ambayo ina mantiki yake ya kuvutia, ni kwamba utamu huondolewa kwa uchungu: mgonjwa hunywa maji ya majani ya mwarobaini, shubiri au karela, akiamini kuwa kichungu kitakifuta kitamu. Hapo ndipo jina linapotibiwa. Mgonjwa hunywa chai ya strungi isiyo na sukari hata chembe, akajipongeza, kisha akaisindikiza kwa mahamri manne na mbaazi za nazi. Mchana hula sinia la wali, jioni sima. Sukari ya kijiko imeondoka. Sukari iliyomo katika wanga imebaki palepale, tena nyingi zaidi.

Dhana hizo zina hatari nyingine isiyosemwa sana. Mgonjwa anayetumia insulini au baadhi ya vidonge anaweza kushukiwa na sukari katika damu, hasa akikosa mlo. Hutetemeka, hutoka jasho, hubabaika, na asiposaidiwa huzirai, pengine akafa. Dawa ya kwanza ya hali hiyo, maadamu mgonjwa bado ana fahamu na anaweza kumeza, ni sukari yenyewe: maji ya sukari, soda au asali. Lakini katika nyumba iliyofundishwa kwamba sukari ni sumu kwa mgonjwa huyo, nani atathubutu kumpa? Jina lililokusudiwa kumlinda linaweza kumnyima kijiko kimoja ambacho kingemwokoa.

Kinachotendeka Mwilini

Chakula cha wanga, kiwe wali, sima, muhogo, chapati au ndizi, humeng'enywa na kuwa glukosi, yaani sukari nyepesi inayoingia katika damu. Ili sukari hiyo itoke katika damu na kuingia katika seli za mwili, ambamo hugeuzwa kuwa nguvu, inahitaji kufunguliwa mlango. Mfungua mlango ni insulini, homoni inayotengenezwa katika kongosho. Kwa mwenye kisukari, ama insulini haipo, ama ni haba, ama ipo lakini milango imekuwa migumu kufunguka. Sukari hurundikana katika damu huku seli zikilia njaa. Ndiyo maana mgonjwa anaweza kula na bado akakonda, akanywa maji na bado akashikwa na kiu: figo hujaribu kuitoa sukari iliyozidi kwa njia ya mkojo, na mkojo huondoka na maji ya mwili.

Kwa maelezo hayo, sukari ya kikombeni si kiini cha ugonjwa. Kupunguza vitamu ni sehemu ya matunzo, lakini kumwambia mgonjwa aache sukari na kuishia hapo ni sawa na kumwambia mwenye paa linalovuja aombe mvua isinye.

Zipo aina kadhaa. Katika aina ya 1, ambayo huwapata zaidi watoto na vijana, kinga ya mwili huzishambulia seli zinazotengeneza insulini. Mgonjwa wa aina hii hawezi kuishi bila insulini. Kabla ya mwaka 1921, Frederick Banting na Charles Best walipoigundua mjini Toronto, mtoto mwenye ugonjwa huu alikuwa anasubiri kifo tu. Mgonjwa wa kwanza kudungwa, mwezi Januari 1922, alikuwa Leonard Thompson, mvulana wa miaka 14. Aina ya 2 ndiyo iliyoenea zaidi, nayo huhusiana na umri, urithi, unene na maisha ya kukaa bila kuushughulisha mwili. Mwezi Aprili 2025, katika kongamano lake mjini Bangkok, Shirikisho la Kimataifa la Kisukari lilitambua aina ya 5, inayowapata watu waliokosa lishe ya kutosha.

Jambo hilo la mwisho lina uzito wa pekee Kilifi. Kwa muda mrefu kisukari kimesemwa kuwa ni ugonjwa wa matajiri, wa wenye vitambi na magari. Lakini kaunti hiyohiyo yenye hoteli za Watamu na Malindi ndiyo yenye Ganze na Magarini, ambako ukame huja na njaa. Mwanamume mwembamba anayechoma makaa Bamba hadhani kwamba ugonjwa wa "wanene" unamhusu. Kwa upande mwingine, mijini maisha yamebadilika. Safari iliyokuwa ya miguu sasa ni ya bodaboda. Jioni ni viazi karai, bajia na soda. Samaki na mboga za mchunga na mnavu zimeachiwa "washamba". Basi maradhi haya yana milango miwili katika kaunti moja: wa shibe na wa njaa.

Mwili Ulioachwa

Mtu akikaa na sukari nyingi katika damu kwa miaka, kinachoharibika ni mishipa. Huharibika ile midogo na ile mikubwa pia.

Jicho ndilo mfano wa kwanza. Mishipa myembamba iliyo katika retina hulegea, huvuja na kupasuka. Mwanzoni mgonjwa haoni tofauti yoyote, na anapoanza kuona ukungu husema ni macho ya uzee. Kumbe uharibifu huo, ungeonekana mapema kwa kipimo, ungeweza kuzuiwa kwa tiba kabla ya kufikia upofu.

Figo nazo ni kama kifumbu. Kila mpishi wa pwani anajua kwamba kifumbu kizuri hupitisha tui na kuzuia machicha. Kisukari huyaharibu matundu ya kifumbu hicho cha mwili: protini iliyopaswa kubaki huanza kuvuja, na uchafu uliopaswa kutoka hubaki. Figo hazilii. Mtu anaweza kupoteza sehemu kubwa ya uwezo wake bila kuhisi chochote, hadi miguu ivimbe na pumzi imkate. Hapo husalia kusafishwa damu kwa mashine mara 2 au 3 kila wiki maisha yake yote, au kupandikizwa figo nyingine.

Mguu ndio habari inayojulikana zaidi, na ndiyo isiyoeleweka zaidi. Neva za nyayo hufa pole pole. Mgonjwa huhisi ganzi, au kuchomwachomwa kama pini, kisha hahisi kitu. Maumivu ni mlinzi. Mlinzi akifa, nyumba huachwa wazi. Mwenye kuvaa ndara hukanyaga mwiba, kipande cha gae au jiwe la matumbawe na kuendelea na safari. Damu nayo haifiki vizuri kwa kuwa mishipa imebana, na vijidudu hustawi. Kidonda kidogo huwa donda, donda huwa donda ndugu, na nyama huanza kuoza. Jina donda ndugu, kwa masikio ya leo, linatisha kwa upole wake: ni kana kwamba donda limekubaliwa kuwa jamaa wa kuishi naye, wala si adui wa kufukuzwa.

Orodha haiishii hapo. Mwenye kisukari kisichotibiwa yumo katika hatari kubwa zaidi ya mshtuko wa moyo na kiharusi. Uwezekano wake wa kuugua kifua kikuu ni mara 2 hadi 3 ya ule wa mtu asiye na kisukari. Wanaume hupungukiwa na nguvu za kiume, jambo ambalo haya huwazuia kulisema hata mbele ya tabibu. Hukimbilia dawa za vichochoroni na kuuacha mzizi. Wajawazito hubeba watoto wakubwa kupita kiasi, na uzazi huwa wa hatari kwa mama na mwana.

Hatari ya ghafla zaidi ni ya watoto wenye aina ya 1. Mtoto aliyekosa insulini huanza kutapika, kulegea na kupumua kwa kina na kwa kasi, kwa sababu damu yake imejaa asidi. Katika eneo la malaria, mtoto mwenye hali hiyo hudhaniwa haraka kuwa ana malaria kali, kwa kuwa malaria kali nayo inaweza kuleta pumzi za namna hiyo. Bila tone la damu kidoleni na kipimo cha sukari, hakuna mganga wala daktari awezaye kutofautisha kwa macho. Saa chache ndizo zinazoamua.

Ukubwa wa giza hili unaonekana katika takwimu. Shirikisho la Kimataifa la Kisukari lilikadiria mwaka 2021 kwamba watu wazima milioni 537 duniani walikuwa na ugonjwa huu, kati yao milioni 24 katika kanda yake ya Afrika, na zaidi ya nusu ya hao wa Afrika hawakujua kwamba wanao. Nchini Kenya, uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2015 kuhusu magonjwa yasiyoambukiza ulionyesha kuwa takriban watu wazima 88 kati ya kila 100 hawakuwa wamewahi kupimwa sukari hata mara moja.

Duara la Hofu

Wengi huwalaumu wagonjwa kwa ujinga. Lawama hiyo ni rahisi na haisaidii. Afadhali kuchunguza jinsi mtu wa kawaida anavyofikiri.

Donda linatokea bila sababu inayokumbukwa, kwa sababu mwiba haukusikika. Haliumi, jambo lisilo la kawaida. Haliponi licha ya kuoshwa na kufungwa. Mtu mwenye akili lazima atafute sababu, na jamii inayo tayari: ametegewa, amekanyaga kitu kilichowekwa njiani na hasidi. Imani hiyo inajaza pengo lililoachwa na maelezo yasiyotolewa. Majuma hupita katika kutafuta aliyetega, na kila juma ni sehemu ya mguu.

Hatimaye mgonjwa hupelekwa hospitalini, donda likiwa limeshaoza. Daktari hana budi kuukata mguu ili kuyaokoa maisha, na pengine hata hivyo mgonjwa hufariki. Majirani huona nini? Huona kwamba aliyekwenda hospitalini alikatwa mguu na akafa, na yule aliyebaki nyumbani bado yuko hai na mguu wake. Hitimisho lao lina mantiki, ingawa ni la uongo. Kwa hiyo mgonjwa anayefuata huchelewa zaidi, naye hukatwa, na ushahidi wa uongo huongezeka. Mkondo huohuo unaikumba insulini. Wagonjwa wengi wa aina ya 2 huanzishiwa sindano wakati hali imekwisha kuwa mbaya. Jamii ikasema kwamba akishaanza sindano amekwisha. Sindano hulaumiwa kwa kosa la kuchelewa.

Duara hili haliwezi kuvunjwa kwa vitisho. Bango lenye picha ya mguu uliooza huthibitisha kile ambacho watu wanakiogopa tayari. Kinachoweza kulivunja ni habari ya upande wa pili, ambayo husimuliwa kwa nadra: ya yule aliyepimwa mapema, akatumia dawa, akaangalia nyayo zake kila usiku kabla ya kulala, na miaka ishirini baadaye bado anatembea kwenda kuvua. Hiyo si ndoto. Mwaka 1998 utafiti mkubwa wa Uingereza uliofuatilia wagonjwa zaidi ya 5,000 wa aina ya 2 ulionyesha kuwa kuidhibiti sukari kwa makini kulipunguza madhara ya mishipa midogo kwa takriban robo. Kudhibiti shinikizo la damu nako kulileta faida kubwa.

Kuhusu mitishamba, hukumu ya jumla haifai. Dawa ya metformini, ambayo ni nguzo ya tiba ya aina ya 2 duniani, asili yake inafuatiliwa hadi kwenye mmea wa Ulaya uitwao Galega, na tabibu Mfaransa Jean Sterne alichapisha matokeo ya kuitumia kwa wagonjwa wa kisukari mwaka 1957. Mmea unaweza kuwa chanzo cha dawa. Tofauti ni kipimo: metformini imejulikana kiasi chake, faida yake na madhara yake, wakati bilauri ya mwarobaini haijulikani inatia nini mwilini. Uchungu ni ladha tu, hauthibitishi kwamba kinywaji ni dawa. Anayetaka kunywa mwarobaini na amwambie daktari wake. Asiyaache matibabu kwa ajili ya ladha chungu.

Pingamizi la Umaskini

Msomaji makini atauliza: je, si umaskini unaoua, wala si maneno? Pingamizi hili ni zito na halipaswi kupuuzwa. Anayeishi mashambani Ganze au Marafa anatumia nauli kubwa kufika hospitali ya kaunti Kilifi au ile ya Malindi. Vijiti vya kupimia sukari hununuliwa kila mara, na insulini huhitaji ubaridi. Kabla ya kufunguliwa hutunzwa kati ya nyuzi 2 na 8 za Selsiasi, katika pwani ambayo joto lake kila mtu analijua na ambako nyumba nyingi hazina jokofu. Kwa bahati njema, chupa iliyokwisha kufunguliwa inaweza kudumu takriban wiki nne ikihifadhiwa mahali pasipo na joto kali, na mtungi wa udongo, ule uliopoza maji ya mababu, umethibitika kuwa msaada wa kweli kwa asiye na umeme.

Tena, wananchi wana haki ya kudai. Kifungu cha 43 cha Katiba ya mwaka 2010 kinampa kila mtu haki ya kiwango cha juu kabisa cha afya kinachoweza kufikiwa. Tangu mwaka 2013 hospitali za kaunti zimo mikononi mwa serikali za kaunti, na tangu Oktoba 2024 bima ya afya ya taifa inasimamiwa na Mamlaka ya Afya ya Jamii. Madai ya vipimo na dawa yana mahali pa kupelekwa.

Lakini umaskini hauondoi hoja ya lugha, unaipa nguvu. Maskini ndiye asiyemudu kosa. Tajiri akielewa vibaya maagizo atarudi kesho kwa daktari wake. Mkulima wa mnazi aliyeuza kuku ili apate nauli hatarudi. Neno analoondoka nalo siku hiyo ndilo atakaloishi nalo miezi mitatu. Akiondoka na "acha sukari" tu, nauli yake imepotea. Isitoshe, mtu hawezi kudai haki ya kitu asichokielewa.

Wajibu wa Wanafunzi na Wahadhiri

Kifungu cha 7 cha Katiba hiyohiyo kinakitambua Kiswahili kuwa lugha ya taifa, na lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Hata hivyo, kadi ya mgonjwa, karatasi ya dawa na kijikaratasi kilichomo ndani ya pakiti aghalabu huwa kwa Kiingereza, tena chenye vifupisho. Vyama vya Kiswahili vya vyuo vikuu vimefanya kazi kubwa ya makongamano, tamthilia na mashairi. Ni haki kuuliza ni kiasi gani cha juhudi hizo kimefika katika foleni ya kliniki.

Jambo la kwanza linalowezekana ni kukusanya kabla ya kubuni. Istilahi zilizobuniwa maktabani mara nyingi hubaki maktabani. Mwanafunzi anayetafuta mada ya tasnifu na aende Kaloleni, Rabai, Gede na Mambrui, asikilize watu wanavyosema juu ya kiu, ganzi, donda na sindano, kwa Kiswahili na kwa Kigiriama, Kichonyi na Kikauma. Wazee wengi wa mashambani wanakielewa Kiswahili, lakini maumivu yao huyasema kwa lugha ya nyumbani. Kiswahili kikitaka kuwa daraja, kisijifanye ng'ambo.

La pili ni kuandika kwa namna inayotendeka. Sentensi inayomwamuru mgonjwa "apunguze ulaji wa wanga" haina kosa la sarufi, ila haipikiki. Afadhali aambiwe: "Gawa sahani yako. Nusu iwe mboga, mchicha au mchunga. Robo iwe wali au sima. Robo iwe samaki, kuku au maharagwe." Vivyo hivyo, "zingatia matibabu" ni maneno ya kupamba ukuta, lakini "kunywa dawa hii kila siku, hata siku unayojisikia mzima" yanaweza kuokoa mguu. Muislamu anayetaka kufunga Ramadhani na aambiwe amwone daktari kabla ya mwezi kuandama, na akumbushwe kwamba dini yenyewe imempa mgonjwa ruhusa. Na mwenye kufuturu kwa kaimati na tambi ajue kwamba magharibi nayo ina hesabu yake.

La tatu ni kuonyesha kwamba jambo hili linawezekana, kwa kuwa limekwisha kufanywa papo hapo Kilifi. Tangu mwaka 1989 mji huo umekuwa makao ya mpango wa utafiti wa KEMRI na Wellcome Trust, uliopata sifa duniani kwa kazi yake juu ya malaria. Fomu za ridhaa za tafiti zake zimetafsiriwa kwa Kiswahili na Kigiriama, na wawakilishi wa wanajamii wameshirikishwa katika kuueleza utafiti. Ikiwa mambo magumu kama majaribio ya chanjo yameweza kuelezwa katika lugha za watu wa Kilifi, kisukari hakina udhuru.

La nne ni kulitetea neno. Makala haya hayapendekezi kulifuta "sukari" vinywani mwa watu. Lugha haitii amri za namna hiyo. Yanapendekeza kwamba walimu, watangazaji wa redio, wahudumu wa afya na waandishi walitumie "kisukari" kwa uthabiti, na kila wanapolitumia waongeze sentensi moja: kisukari ni ugonjwa wa insulini. Kwa kurudiarudia, sentensi hiyo itakuwa sehemu ya maana ya neno.

Hitimisho

Kisukari hakiponyeki kwa aina zake nyingi, lakini hutawalika. Kinachoua na kulemaza ni kukiacha, na mara nyingi huachwa na watu wanaoamini kwamba wanakitibu. Kati ya mgonjwa na dawa yake ipo nauli, ipo bei, ipo hofu, na lipo neno. Nauli na bei zinahitaji serikali. Hofu inahitaji muda. Neno linahitaji watu waliolisomea.

Kila tarehe 14 Novemba, siku aliyozaliwa Banting, dunia huadhimisha Siku ya Kisukari, ambayo Umoja wa Mataifa uliitambua kwa azimio lake la mwaka 2006. Chama cha Kiswahili kinachotafuta shughuli ya muhula kingeweza kuitumia siku hiyo kwa kazi moja ndogo: kuandika ukurasa mmoja wa maelezo, kuusoma kwa sauti mbele ya wagonjwa kumi katika kliniki moja ya Malindi au Kilifi, kufuta kila sentensi ambayo hawakuielewa, kuupeleka kwa daktari athibitishe usahihi wake, kisha kuubandika ukutani. Ukurasa huo hautamletea mwandishi wake shahada, lakini mgonjwa atakayeusoma ataangalia nyayo zake usiku huo.